Upatu wa vyeo: niliyojifunza kwa makomadre wa Houston

Mwaka 2014 niliingia Houston, Texas, cheti changu cha uhasibu toka Dar kikiwa kwenye bahasha ya kaki, nikaanza kazi ya kuhesabu makatoni shifti ya usiku kwenye ghala la vyakula upande wa mashariki wa jiji, kule karibu na ule mfereji wa meli. Kispanyola nilikuwa najua gracias basi. Kwenye shifti yetu Mwafrika nilikuwa peke yangu, wengine karibu wote Walatino, na kwenye kufungasha na kupanga mizigo wengi walikuwa akina mama, wa Meksiko, El Salvador, Honduras, na dada mmoja wa Puerto Rico. Houston ndo ilivyo, karibu nusu ya watu wa jiji asili yao ni Amerika ya Kilatini. Lakini ukipanda ile ngazi ya chuma kwenda ofisi za juu, zile zenye vioo ambazo ukikaa unaona ghala zima, hukuti Mlatina, yaani mwanamke wa Kilatino, hata mmoja. Labda mama wa usafi, na huyo saa kumi na mbili asubuhi ameshashuka.

Leo hii wapo wanne mle juu. Nataka niwasimulie wamefikaje maana nilikuwepo, na pia kwa sababu kila nikiongea na dada zetu, wa huku na wa nyumbani, nasikia kilio kilekile, nafanya kazi sana, najua kazi, lakini hawanioni.

Kuna mama mmoja hapo ghalani tulikuwa tunamwita Comadre. Comadre kwa Kispanyola ni jina wanaloitana mama wa mtoto na yule aliyemsimamia mtoto ubatizo, ila limepanuka likawa jina la shoga wa kufa na kuzikana, wa pwani mtanielewa nikisema ni kama mtu na somo yake. Huyu Comadre kazaliwa San Luis Potosí, Meksiko, kaletwa Houston ana miaka tisa, kaanza kazi pale kwenye mkanda wa kufungasha akiwa binti, na wakati mimi naingia alishafikisha miaka 16 kazini na alikuwa supavaiza wa shifti ya usiku. Supavaiza kwa jina, kwa vitendo yeye ndo alikuwa ghala. Friza ikilia vibaya anaitwa yeye, dereva akipotea anampigia yeye, hata meneja akitaka kujua mteja fulani anapenda mzigo ushushwe mlango gani anamuuliza yeye.

Sasa mwezi wa nane 2017 kikaja kimbunga Harvey. Waliokuwepo wanajua, mvua siku nne haikatiki, barabara zimekuwa mito, watu wanaokolewa kwa maboti mbele ya maduka. Meneja wetu alikuwa likizo jimbo lingine na hakuweza kurudi. Comadre alilala ofisini usiku mbili. Alikuwa na daftari lake la karatasi lenye namba za simu za kila dereva, alizigeuza trela zilizokuwa njiani zikasubiri San Antonio, aliamua friza ipi ipewe jenereta na ipi iachwe, akahamisha nyama yote kwenye moja, alikatalia watu watano wasije kazini kwa sababu alijua mitaa yao imeshazama na wangekuja tu kwa kuogopa kukatwa mshahara. Maji yalipopungua tulikuwa tumepoteza mzigo kidogo mno, makampuni ya jirani yalitupa vyakula kwa malori.

Wiki mbili baadaye ikaja imeli ya shukrani toka makao makuu. Ikamshukuru meneja na "timu nzima ya Houston". Kikaitishwa kikao, mkubwa mmoja akamgeukia Comadre akamwambia tumesikia mlifanya kazi nzuri, na Comadre akajibu, nilikuwa nimekaa pembeni yake kabisa, akasema ah, ilikuwa timu. Akainamisha kichwa. Mkubwa akaendelea na ajenda.

Mwezi wa pili 2018 nafasi ya meneja wa operesheni ikatangazwa na ikachukuliwa na kijana toka nje ya kampuni. Hakuwa mtu mbaya, nisimseme vibaya, ila siku ya kwanza alikuja kumuuliza Comadre shifti zinabadilishana saa ngapi, na kwa miezi mitatu Comadre ndo alimfundisha kazi. Mimi roho iliniuma kuliko ya kwake. Nikamuuliza, kwani uliomba? Akaniangalia kama nimeuliza kitu cha ajabu. Hakuomba. Alikuwa anasubiri waje wamwambie, si wanamwona kila siku? Halafu tangazo lilikuwa na masharti kumi, yeye akahesabu anayo manane, akaona kuomba ni kujidai.

Hapo ndo tukaanza kuongea maongezi ya kweli, usiku, kwenye mapumziko. Akanieleza kwamba kwao Meksiko mtoto mwenye adabu akiitwa haitiki "qué", yaani "nini", anaitika "mande", maana yake niamuru. Nilishtuka. Nikamwambia kwetu mtoto wa kike akiitwa anaitika "abee", akisema "nini" anakula kofi. Tulikaa kimya wote wawili. Mimi na yeye tumelelewa mabara mawili tofauti na tumefundishwa kitu kilekile, heshima ni kungoja kuamriwa. Wana na msemo wao, calladita te ves más bonita, ukinyamaza unapendeza zaidi, wengine wanausema kwa utani lakini binti akishausikia toka utotoni unakaa ndani. Na mimi siyo kwamba nataka heshima ife, hapana, naipenda, nawalea wanangu nayo. Tatizo ni kwamba ile heshima ukiipeleka kwenye kikao cha Wamarekani wanaisoma kwa herufi nyingine, wanaiona kama mtu asiye na uwezo wa kuongoza. Umenyamaza maana mkubwa anaongea, wao wameandika hana mawazo.

Kuna jambo lingine niliona ambalo bado linanishangaza. Kwa Kispanyola unaweza kusema nilifanya bila kutamka "mimi", iko ndani ya kitenzi, kama sisi tu, ni-lifanya. Ile "mimi" imejificha humo kwa adabu zake. Kwa Kiingereza haijifichi, inasimama peke yake tena kwa herufi kubwa. Kwa hiyo hawa akina mama walipoandika sivii zao kwa Kiingereza walikwepa, wakaandika "tulisaidia", "nilihusika", "nilikuwa sehemu ya". Wanaogopa kuitwa presumida, yaani mwenye maringo. Mtu alisimamia watu 40 kwa miaka sita ameandika alisaidia shifti.

Sasa nije kwenye chenyewe. Jumamosi moja Comadre akanialika kwake, nikakuta wanawake kumi wamekaa jikoni na kahawa na mikate yao ya conchas, kuna bahasha mezani. Kila mmoja anaweka dola 200, kila wiki mbili, mmoja anaondoka na 2,000. Nikasema jamani huu si upatu! Wakacheka, wakaniambia ni tanda. Mama wa Kisalvador akasema kwao ni cuchubal, mwingine mumewe wa Jamhuri ya Dominika akasema kule wanaita san. Nikawaambia kwetu upatu, wengine mchezo, Kenya wana vyama. Siku hiyo nikaingizwa.

Nilichokaa nakitafakari njiani narudi na basi ni hiki, hawa watu wanakabidhiana dola elfu mbili bila karatasi, bila saini, bila wakili, na hajawahi mtu kutoroka. Wanajua kupanga zamu, wanajua nani ana shida apishwe mbele, wanajua kumbana mtu anayechelewesha bila kumvunjia heshima. Huo ni uongozi wa fedha na wa watu. Halafu kazini hakuna anayethubutu kuomba nyongeza ya dola moja kwa saa. Kwa hiyo uwezo ulikuwepo kitambo, shida ilikuwa kwamba uwezo wote wameuacha jikoni.

Yule dada wa Puerto Rico, alikuwa ofisi ya usafirishaji, ndo aliyesema kwa nini tusifanye tanda ya vyeo. Alisema kwa kawaida tu, anakunja leso. Badala ya pesa kila mtu anatoa saa zake na anachokijua, na kila miezi miwili nguvu zote zinamwendea mtu mmoja, zamu yake, mpaka apate kitu. Machi 2018 tukapiga kura, tulikuwa wanane, mimi nikiwemo. Niliwauliza kama mimi Mwafrika inafaa, mama wa Kisalvador akanijibu mija, yaani binti yangu, unahesabu kuliko sisi sote, kaa chini.

Kazi yangu ikawa hesabu. Mwenye zamu anakuja na karatasi zake, ripoti alizosaini mwenyewe, ratiba zake, tunakaa naye tunatafuta namba. Huyu mama wa Kisalvador alikuwa wa kwanza. Ukimuuliza umefanya nini mwaka huu anakujibu nimefanya kazi. Tukachimba. Kumbe kabla hajapewa ile laini ya oda ndogo, oda zilizokuwa zinarudishwa na wateja zilikuwa 14 katika kila 1,000, na baada ya miezi kumi zimebaki 5. Na alijua kwa nini, alibadilisha mpangilio wa rafu ili makopo yanayofanana rangi yasikae jirani, hakuna aliyemtuma. Nilipomwonyesha kwenye karatasi, kabla na baada, alilia. Alisema miaka tisa hakuna mtu amewahi kumwonyesha kazi yake.

Halafu mazoezi ya intavyu, hapohapo jikoni. Mmoja anakuwa bosi, mwenye zamu anasimama, na sheria ilikuwa moja, usianze na "tulisaidia". Anza na niliamua, nilipunguza, nilisimamia, nilikataa. Wengine waliona kama wanatukana. Mwanzoni sauti haitoki, au wanacheka kwa aibu wanaziba mdomo, tunarudia, mara kumi, mara ishirini, mpaka inatoka kama mtu anasema jina lake. Sentensi ya pili wanaweza kuitaja timu na waitaje kwa moyo wote, maana timu ni kweli ipo, ila ya kwanza iwe yako.

Na kitu cha tatu, hiki nakiona ndo kilikuwa na nguvu kuliko vyote. Sisi wengine saba wajibu wetu ulikuwa kulitaja jina la mwenye zamu popote tulipo, pamoja na namba yake. Mkubwa akisema laini ya oda ndogo siku hizi imetulia, mtu anajibu ndiyo, fulani alipanga upya rafu, kurudishwa kumeshuka toka 14 mpaka 5. Basi, unanyamaza. Kwa sababu kujisifu mwenyewe kwao ni vigumu na sijui kama kunafaa kila mara, lakini kumsifu mwenzako kwa ukweli hakuna aliyeona aibu. Mama wa Kisalvador akawa supavaiza mwezi wa saba.

Zamu ya pili hatukufanikiwa. Dada yule aliomba akanyimwa, wakamwambia aboreshe Kiingereza chake, ambacho kilikuwa kizuri tu, ni lafudhi. Akaondoka akapata kazi kampuni nyingine kwa mshahara mkubwa zaidi. Tuliumia ila tulikubaliana kwamba nayo ni matokeo, hatukula kiapo na kampuni, tulikula kiapo sisi kwa sisi.

Wa tatu alikuwa dada wa Honduras, na hapa nataka kukaa kidogo. Yeye ni Mgarifuna, wale watu weusi wa pwani ya Honduras, Houston wako wengi. Siku ya kwanza nilipomwona ghalani nilidhani ni Mkongo, nikamsalimia kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kispanyola. Kila mahali alikuwa hahesabiwi. Wamarekani weusi wanaona mgeni, Walatino wengine wanamwongelesha Kiingereza, na kampuni ilipopiga picha za wafanyakazi wa Kilatino hakuna aliyemwita. Na hata sisi, tulipopiga zile kura za mwanzo kuna mtu alipendekeza apishe kidogo kwa sababu "bado hajafahamika". Comadre alikataa palepale. Alisema kama tunafanya kama wao basi tuirudishe bahasha. Nimeshaona vikundi vingi vya kuinuana na mara nyingi wanaoinuliwa kwanza ni walewale ambao tayari ngazi iko karibu nao, wenye rangi nyepesi, wenye digrii, wenye lafudhi laini. Dada wa Honduras sasa ndo mkuu wa usalama kazini na ghala lake lina ajali chache kuliko matawi yote.

Katika hizo zamu tulikuwa tunasoma pia, dada wa Puerto Rico analeta habari za wanawake waliofika. Akatuambia kwenye yale makampuni 500 makubwa ya Marekani hakukuwahi kuwa na Mlatina mkurugenzi mkuu mpaka 2017, Geisha Williams, mzaliwa wa Kuba, alipoichukua kampuni ya umeme ya PG&E ya California. Watu milioni 60 na zaidi kwenye nchi ni Walatino, na wa kwanza ni 2017! Comadre swali lake lilikuwa moja, alitokea idara gani? Tukatafuta, kumbe ni injinia, miaka mingi alikuwa kampuni ya umeme Florida, upande wa operesheni, mambo ya njia za umeme na vimbunga. Comadre akapiga meza, akasema umeona, hakutokea kwenye kuandaa sherehe. Halafu Januari 2019, tukiwa katikati ya zamu, yule mama akaachia ngazi, ilikuwa baada ya ule moto wa Novemba 2018 ulioanzia kwenye nyaya za kampuni hiyo, ukateketeza mji wa Paradise na kuua watu 85, na kampuni ikaomba ulinzi wa kufilisika mwezi uleule. Tuliongea sana usiku huo. Mimi msimamo wangu ni kwamba yule wa kwanza anabebeshwa mizigo miwili, wa kazi na wa kabila lake lote, akijikwaa wanasema mmeona. Kwa hiyo asiwe mmoja. Ndo maana tulitaka wanne.

Na hilo la sherehe nilifafanue. Kila mwaka kuanzia 15 Septemba mpaka 15 Oktoba Marekani wana mwezi wa urithi wa Kihispania, na kazini kwetu kila mwaka Comadre na wenzie waliombwa kupika tamales, kupamba, kutafuta wacheza ngoma, baada ya saa za kazi, bure. Juu ya hapo walikuwa wanatafsiri kila kitu, maelekezo ya mashine, fomu za bima, mtu akiumia wanaitwa. Tulimwambia Comadre aandike saa zake za kutafsiri kwa mwezi mmoja. Zikatoka karibu sita kwa wiki. Sita! Tukamfundisha kusema, nafurahi kuendelea kutafsiri, naomba iandikwe kwenye majukumu yangu na ihesabiwe kwenye tathmini ya mwaka, na kuhusu sherehe mwaka huu naomba nipewe bajeti na muda wa kazini. Hakukataa kwa hasira, alitoa masharti. Wakakubali, na mimi naamini hawakuwahi kufikiria kwamba ile ni kazi kwa sababu ilikuwa inaonekana kama ukarimu.

Zamu yake ilikuwa ya saba, Machi na Aprili 2019. Na yule kijana meneja alikuwa ameshapata kazi kwingine. Sasa tulikuwa tumejifunza kitu kuhusu zile ofisi za vioo. Mwisho wa mwaka mameneja wanakaa chumba kimoja wanalinganisha wafanyakazi, majina yanapita haraka, na mtu ambaye hana wa kumsemea humo anapewa alama ya katikati na wanaendelea. Comadre alikuwa na mshauri, mama mmoja mwema sana wa makao makuu, miaka miwili walikuwa wanakunywa kahawa na kupewa vitabu. Mshauri ni mzuri lakini mshauri anaongea na wewe. Ulikuwa unahitajika mtu wa kuongea juu yako wakati haupo, mdhamini. Na mdhamini haombwi kama sadaka, mtu hawezi kuweka jina lake rehani kwa mtu asiyejua kazi yake.

Tukaangalia nani ana kauli kwenye kile chumba. Mkurugenzi wa fedha. Na ana shida gani? Mimi nilijua maana nilikuwa nimehamia uhasibu wa ghala, hesabu ya stoo na hesabu ya vitabu zilikuwa hazikubaliani kila robo mwaka na ilikuwa inamnyima usingizi. Comadre akajitolea kusimamia kuhesabu upya friza zote, wiki sita, na ripoti anampelekea yeye moja kwa moja kila Ijumaa, ukurasa mmoja. Mimi namba, yeye sababu za namba. Tofauti ikashuka mpaka karibu na sifuri. Yule mzee hakuwa mtu wa maneno, lakini kwenye kikao cha kuchagua meneja, tulikuja kuambiwa baadaye, mtu mmoja alisema Comadre hawezi, ana mama mgonjwa na watoto, kazi ina safari za Dallas. Na mkurugenzi wa fedha akauliza, kuna aliyemuuliza yeye?

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Hiyo sentensi naifikiria mpaka leo, maana niligundua ni mara ngapi walikuwa wamemwonea huruma kabla hawajamuuliza, na huruma hiyo ilikuwa imemfungia milango kuliko ubaya wa mtu yeyote. Walipomuuliza akasema safari mbili kwa mwezi anaweza, dada yake atakaa na mama, zaidi ya hapo hawezi. Ukweli mtupu. Wakampa. Kuna watu watakuambia ukitaka cheo usiseme habari za familia, mimi sikubaliani, Comadre alisema mpaka wake wazi na waliheshimu mpaka.

Mshahara nao. Hesabu za serikali za miaka ya karibuni zinaonyesha Mlatina anayefanya kazi mwaka mzima kwa saa kamili anapata chini ya senti 60 kwa kila dola ya mwanaume Mzungu. Tulikuwa tunaisoma kama habari ya mbali. Mwaka 2021 jimbo la Colorado likaanza kulazimisha waajiri waweke kiwango cha mshahara kwenye tangazo la kazi, na kampuni yetu ina tawi hukohuko, Denver. Texas hakuna sheria hiyo, lakini kazi ni ileile! Dada wa Honduras alikuwa anapandishwa mwaka huo, tukafungua tangazo la Denver, tukaona kiwango, akaenda na karatasi. Denver maisha ghali zaidi, alilikubali hilo mwenyewe kabla hawajalisema, kisha akaomba namba yake. Alipata karibu na alichoomba. Ila niwaonye, ile sheria ya shirikisho ya 1935 inayowalinda wafanyakazi wanaoongea mishahara yao kwa wao haiwahusu masupavaiza, kwa hiyo tulikuwa waangalifu nani anaongea nini wapi.

Comadre kwenye mambo ya kudai anamtaja sana Dolores Huerta, mama yake alikuwa anamsifia. Mwalimu, mama wa watoto 11, aliyeanzisha chama cha wafanyakazi wa mashambani California mwaka 1962 pamoja na Cesar Chavez, na ndiye aliyekuwa anakaa mezani na wenye mashamba kujadili mikataba. Watu wanakumbuka kaulimbiu yake, sí se puede, inawezekana. Comadre anasema wanasahau kwamba alikuwa anasoma mkataba mstari kwa mstari.

Siwezi kuficha lililotuuma. Mmoja wetu, alipata zamu yake, akapanda, na hatukumwona tena Jumamosi. Kwenye vikao akawa wa kwanza kusema watu wa chini hawajitumi. Kwa upatu huyo ni aliyekula na kutoroka. Tulikaa wiki tatu tumenuna, wengine wakataka kuvunja kikundi. Mwishowe tukabadilisha utaratibu, aliyepanda zamu yake ya kutoa inakuwa kubwa zaidi, lazima akae upande wa bosi kwenye mazoezi, lazima atuambie kile chumba kinaendaje, na akifika ngazi ya kuajiri lazima kila nafasi ikitangazwa amtumie tangazo mtu mwenye masharti manane kati ya kumi na kumwambia omba. Na kabla ya kupokea zamu unasema hayo kwa mdomo mbele ya wote. Yule dada simchukii. Nadhani alikuwa na hofu kwamba akionekana na sisi watamrudisha chini.

Mimi zamu yangu ilifika mwanzoni mwa 2020, janga likaingia, jikoni kukafungwa tukahamia WhatsApp, ghala likawa halilali. Nilipata ukuu wa hesabu za tawi Juni 2021. Comadre tangu 2022 ndo anabeba faida na hasara ya kanda nzima, matawi matatu, bajeti iko kwenye saini yake. Mwisho wa mwaka ule dada wa Puerto Rico akatutumia habari ya Priscilla Almodovar kuwa mkuu wa Fannie Mae, ile kampuni kubwa ya mikopo ya nyumba, wazazi wake ni wa Puerto Rico, alituma na mioyo kama kumi.

Kundi sasa lina wanawake 19, limegawanyika mara mbili. Zamu ya sasa ni ya binti mmoja wa miaka 26, mama yake ndo yule wa usafi niliyewatajia, ana intavyu Jumanne ya umeneja wa shifti. Ana namba nzuri sana za ovataimu, amezipunguza bila kumkata mtu saa zake, ila bado akifika kwenye "niliamua" sauti inashuka. Jumamosi tunakutana kwa Comadre saa nne. Mimi napeleka maandazi, wameshayazoea, na safari hii mama yake naye anakuja, amesema anataka kukaa kiti cha bosi amuulize maswali yeye mwenyewe.